Uchawi Bila Masharti

Kuna kibanda cha gemu pale Kondele, Kisumu, ambako kelele huanza saa kumi jioni wanafunzi wakitoka shule, na haziishi mpaka mwenyewe azime televisheni kwa hasira. Mpira mmoja ni shilingi 20. Anayefungwa anaachia pedi ya kuchezea. Mimi hupita pale kwa ajili ya chapati za jirani yake. Mpira wa skrini nilishafungwa saba bila na mtoto wa darasa la sita, nikakubali yaishe.

Juzi nilikuta pedi zimelala. Vijana watatu walikuwa wameinamia simu moja iliyopasuka kioo, wakitazama vipande vya gemu mpya ya Fable na kubishana kwa sauti ambayo kwa kawaida huwa ya mpira wa Gor na Ingwe. Ubishi wenyewe ulikuwa juu ya pembe.

Kwa asiyejua: Fable ya kwanza ilitoka 2004 kwenye mashine ya Xbox, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba matendo yako yanakuandika mwilini. Ua wanakijiji, ibia wenye maduka, na taratibu kichwa chako kinaota pembe. Okoa watu, na duara la nuru linakukaa utosini kama mtakatifu wa kwenye dirisha la kanisa. Studio iliyoiunda, Lionhead, ilifungwa 2016. Hii mpya iko mikononi mwa Playground Games, Waingereza pia, ambao tumewazoea kwa mbio za magari za Forza Horizon. Ilitangazwa Julai 2020, ikatarajiwa 2025, ikasogezwa hadi 2026. Na watengenezaji wamesema pembe hazirudi: safari hii jina lako litategemea nani alikuona ukitenda, na kila kijiji kitakuwa na maoni yake.

Mmoja alikasirika. Alitaka pembe zake. Wa pili, anayesoma Maseno, akamjibu, "Omera, mtu mbaya Kisumu hana pembe. Ana V8." Kibanda kizima kikacheka, hata wasiojua Fable ni nini.

Nilicheka nami, kisha nikajikuta nimesimama chapati inanipoa mkononi. Naona ubishi wa pembe umeanzia mwisho. Kabla ya kuuliza ubaya wa mchezaji uonekane wapi, uliza kwanza ule uchawi anaoutumia kaupata wapi, kwa nani, na kwa masharti gani.

Masharti ndiyo ninayoyakosa katika gemu za RPG, zile ambazo unajichongea mhusika na kumlea kutoka mnyonge hadi shujaa. Mganga yeyote, awe wa kweli au yule wa mabango yaliyogongelewa kwenye milingoti ya stima, hatoi dawa hivi hivi. Usile kuku siku saba. Usigeuke nyuma ukishavuka mto. Usimjibu mtu atakayekuita njiani. Mambo haya yamekaa ndani ya lugha hata kwa wasioamini: mtu akikataa soda harusini, lazima mmoja aulize kama ni masharti ya mganga. Nguvu ni mkopo, na mwenye kukopesha anajulikana.

Kwenye skrini, je? Kuna kibomba cha rangi ya buluu pembeni. Ukirusha moto kinapungua, ukisimama kidogo kinajaa. Unaweza kuchoma msitu mzima, ukapumzika dakika moja, ukachoma wa pili. Huo moto ni wa nani? Hakuna anayedai. Kwangu huo si uchawi, ni stima isiyohitaji tokeni.

Dani, yaani nyanya yetu, alikuwa akitusimulia habari za Nyamgondho, mvuvi wa upande wa Gwassi. Alitega nyavu ziwani, akavua bibi kizee badala ya samaki. Angeweza kumrudisha majini, lakini alimchukua nyumbani, akamfanya mke, na zizi likajaa ng'ombe kuliko boma lolote la jirani. Hakuandikiana naye mkataba. Sharti lilikuwa moja, nalo halikutamkwa: heshima. Siku aliporudi amelewa, akamtukana na kumkumbusha alikovuliwa, bibi akaondoka bila kujibu. Ng'ombe wakamfuata, mbuzi wakafuata, kuku pia, msururu mzima ukaingia ziwani. Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake ufukweni, akageuka mti.

Mtunzi wa gemu angeipeleka wapi hadithi hii? Nahisi angeweka kipimo cha heshima pale pembeni, karibu na kile kibomba cha buluu: heshima 70, heshima 65, na mchezaji angemnunulia bibi leso tatu ili kipimo kirudi 80. Hadithi ingefia hapo hapo. Nyamgondho haoni kipimo chochote. Anazoea tu. Utajiri unakuwa wake moyoni kabla haujawa wake kwa haki, na siku anayokosea hajui kama ni siku tofauti na nyingine.

Luanda Magere wa Kano naye ni vivyo hivyo. Mwili wa jiwe, mikuki inadunda. Siri ikawa kwenye kivuli, na aliyeigundua ni mke aliyetoka kwa maadui, siku mumewe alipougua na kuhitaji kuchanjwa dawa. Watu wa Pwani wana Fumo Liyongo wao, hasikii chuma, mpaka mwanawe mwenyewe amchome kitovuni kwa shaba. Ona kwamba katika zote mbili nguvu haipotei kwa kuishiwa na buluu. Inapotea kupitia mtu wa nyumbani. Mema na mabaya hayajawekewa hesabu yao pembeni. Yamefumwa ndani ya ule uchawi wenyewe.

Sisemi Wazungu hawajawahi kuligusa jambo hili. Mwaka 1985 Richard Garriott alitoa Ultima IV, gemu isiyo na jitu kuu la kuua mwishoni. Kazi yako ilikuwa kuishi kwa fadhila nane, uaminifu na huruma zikiwemo. Na kulikuwa na wauzaji wa vifaa vya uchawi ambao ni vipofu. Ukichukua bidhaa, unajihesabia mwenyewe unachomlipa. Unaweza kumpa pungufu na hutaambiwa neno, hakuna kengele wala polisi. Baadaye sana ndipo unagundua kwamba gemu ilikuwa inaona. Nilipousoma mpango huo nilimkumbuka mama mmoja wa omena sokoni Kibuye aliyekuwa na gorogoro, mkebe wa kupimia, iliyobonyezwa chini kwa nyundo. Kwa miaka alidhani hatujui. Tulijua, tukanunua kwingine, na hakuna aliyemwambia. Hiyo ndiyo hukumu ninayoifahamu mimi, na haina pembe.

Kwa hiyo, kwa hili la watu waliokuona, Playground wamesogea karibu na kwetu kuliko walivyokuwa wenzao wa 2004. Mfikirie jajuok, mkimbiaji wa usiku. Usiku anarusha mchanga juu ya mabati yako na kukwaruza mlango. Asubuhi ni mtu wa heshima zake, pengine ndiye aliyekufundisha hesabu. Kijiji kinajua. Kinanong'ona, kinamsalimu, maisha yanaendelea. Gemu ikiweza kubeba hali hiyo, ya kujulikana bila kusemwa, nitavua kofia. Lakini ahadi za Fable tumezizoea. Peter Molyneux aliyeiongoza Lionhead aliwahi kusema utapanda mbegu ya mti na kuuona ukikua mpaka uwe mkubwa. Gemu ikatoka, mti hakuna, mwenyewe akaja kuomba radhi.

Hapa nina neno zito kidogo. Kila mjadala wa aina hii ukifika, yupo atakayesema dawa ni kuwatia wachawi wetu ndani ya gemu, tuonekane. Polepole. Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925, ya kikoloni, na neno mchawi bado linaua. Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa na umati kwa tuhuma hizo. Kutoka Kisumu ni safari ya asubuhi, ukarudi jioni.

Sasa kumbuka ni mara ngapi RPG imekupa kazi hii: kuna kizee msituni, wanakijiji wanasema anawaroga, kamwondoe, utalipwa dhahabu. Nimeifanya mwenyewe, bila kufikiri, nikaenda kununua upanga. Siku hizi inanikaa vibaya kooni. Sitaki ifutwe. Nataka niweze kuikataa, kisha niamke kesho yake katika kijiji kile kile, watu wakijua nilikataa, mwenye duka akinihudumia wa mwisho. Hapo tutakuwa tumeanza kuongea maadili. Hayo ya kuokoa paka upate nuru kichwani ni ya Sunday school.

Wale wazazi wanaosema gemu zote za uchawi ni za shetani, mimi sina ugomvi nao. Mamangu ni mmoja wao, naye hula kwangu kila Jumapili.

Nimesema masharti hayapo ndani ya gemu. Yapo mengi, ila yamewekwa mlangoni, na anayepewa ni mimi.

Sharti la kwanza, ukubwa. Baldur's Gate 3 ya 2023 inaomba nafasi ya gigabaiti 150 kwenye kompyuta. Hesabu hiyo kwa bando la simu, halafu ukae chini kidogo. La pili, fedha: Steam, duka la gemu la mtandaoni, haina bei ya shilingi yetu, tunasoma dola, na dola ikipanda gemu iliyokuwa bei ya kuku inakuwa ya mbuzi. La tatu, anwani. PlayStation, mashine ya gemu ya Sony, haina duka rasmi la Kenya, hivyo vijana wanafungua akaunti na kujiandikisha kama wakazi wa Afrika Kusini au Marekani, wakiishi mtaa wa Manyatta, Kisumu. Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, gemu hiyo ikaondolewa sokoni Steam katika nchi zaidi ya 170, yetu ikiwemo. Wachezaji wakapiga kelele dunia nzima, sharti la akaunti likafutwa, lakini kwa nchi nyingi gemu haikurudi sokoni wakati huo.

Malipo yenyewe angalau yamelainika. Tangu 2022 kuna kadi ya Visa ya M-Pesa ya kulipia vitu vya nje, na imetuokoa wengi. Kabla yake nilimtumia bwana mmoja wa Telegram shilingi 1,500 aninunulie vocha. Alinijibu "poa bro", na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho hapa duniani, kwa upande wangu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, kazi ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitunga akimlilia babake. Si RPG kamili, lakini ndani yake mganga kijana anafanya maagano na kifo: amletee mizimu mitatu mikubwa, arudishiwe baba. Hayo ndiyo masharti ninayoyazungumzia! Na unaweza kuicheza ikiongea Kiswahili, sauti kamili, tangu mwanzo. Nimewauliza wale watatu wa Kondele. Hakuna aliyewahi kuiona. Fable ambayo haijatoka wanaijua pembe kwa pembe.

Siwalaumu, na Salim pia simlaumu. Gemu ya Kiswahili imepitia mlango ule ule wa dola na akaunti za Johannesburg, ikaishia kwa walio na kadi.

Nilimweleza haya yote mwenye kibanda, nikidhani atafurahi. Alinisikiliza huku akifunga waya wa pedi kwa gundi.

"Hizo gemu zenu za wachawi," akasema, "zinaingia kwa flashi?"

"Haziingii."

"Na mtu akianza, anamaliza baada ya dakika ngapi?"

Nikamwambia kuna zinazochukua saa hamsini na zaidi.

Aliangalia benchi lake. Watoto kumi na mmoja, kila mmoja na shilingi 20 yake kiganjani. "Saa hamsini," akarudia. Kisha akawasha mpira.