Nilipiga Ubuntu, nikafuta michango ya harusi

Niandike mwenyewe kabla hamjaendelea kuambiana. Kuna mshkaji wangu mmoja, simtaji, ila kwenye kikao alikaa jirani na sinia la kuku, ameshazungusha voisi ya dakika nne kwamba katibu wa kamati, yaani mimi, kala michango halafu kasingizia kompyuta. Jamani. Hela zote ziko kwa mama mdogo, mweka hazina, hata mia haijachomoka. Kilichopotea ni orodha ya nani kaahidi ngapi, katoa ngapi, bado ngapi, na kama umewahi kukaa kamati ya harusi hapa Dar unajua kabisa afadhali hata zingepotea hela.

Laptopu yangu niliinunua used Kariakoo, prosesa yake i5 ya kizazi cha 6, chuma kweli, haijawahi kunisumbua. Ila tangu Windows 10 iachwe kupewa apdeti za bure Oktoba 14, 2025 nikawa sina amani, nikijaribu kuhamia Windows 11 naambiwa mashine yako haifai, inatakiwa iwe na TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa prosesa za Intel inatakiwa kuanzia kizazi cha 8. Mimi niko cha 6 na hela ya kununua nyingine sina, huo mchango wenyewe nadaiwa. (Ndiyo, katibu nadaiwa. Tulieni, tutafika.) Nikakumbuka shemeji yangu wa IT kila siku ananisifia Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ya bure, nyepesi, virusi utavisikia kwa jirani. Jumamosi usiku nikanunua bando, nikashusha faili la karibu GB 6.

Sasa ili uipige inabidi uichome kwenye flashi kwanza, na flashi ninayo moja tu, ile nyekundu, mle ndani kuna nakala ya orodha ya michango maana mama mdogo aliniambia "mwanangu weka na pembeni". Rufus, programu ya kuchomea flashi, ikaniletea onyo kwamba kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa. Nikajiambia poa tu, orodha yenyewe si iko D? Nikabonyeza sawa.

Ngoja niwaelezee kuhusu D maana ndiyo iliyoniua. Bongo wote tumelelewa hivi: vitu vyako weka D. Ukimpelekea fundi mashine akupigie Windows anafuta C tu, D haigusi, unarudi nyumbani picha zako zipo, miziki yako ipo, CV yako ya 2017 ipo. Mimi D nilikuwa naiamini kuliko kibubu. Ila hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kunikalisha chini akaniambia kwamba hizo C na D kwenye mashine kama yangu ni diski moja imegawanywa, kama chumba na sebule, nyumba ni ileile, ukiibomoa nyumba huwezi kusema sebule utaikuta.

Saa saba usiku nikawasha kwa flashi. Ubuntu ikaniuliza kistaarabu kabisa, nikae pembeni ya Windows au nifute diski yote? Pembeni sikutaka, wake wenza nyumba moja mimi siwezi. Nikachagua kufuta, kichwani mwangu diski ni C. Ikanionesha tena inachoenda kufanya, ili mwenye akili asome. Sikusoma.

Ilipomaliza nikaangalia nafasi, nikakuta diski karibu yote iko wazi, na mimi bila hata aibu nikaipiga picha nikamtumia shemeji: "Shem kweli hii kitu nyepesi, ona nafasi ilivyoniachia!!" Akanijibu kidole gumba. Nikalala fofofo.

Kikao kilikuwa Jumapili saa kumi jioni, bar moja Sinza, kule nyuma kwenye bustani. Mzee mwenyekiti akaamua safari hii hakuna kusomewa kwa mdomo, orodha irushwe kwenye TV kila mtu ajione mwenyewe. Mhudumu akatoa mpira wa Uingereza, meza za pembeni zikanuna, waya wa HDMI ukaja kwangu, na Ubuntu ikatokea kwenye TV kubwa na rangi zake za zambarau. "Eeeh katibu, umebadilisha kompyuta!" Hapo ningenyamaza. Badala yake nikasimama nikaanza kutoa maelezo ambayo hakuna aliyeyaomba, kwamba nimehamia Linux, ukoo wa mifumo ambao Ubuntu imo, kwamba Ubuntu ni neno la wenzetu Wazulu na Waxhosa, maana yake utu, kwamba aliyeianzisha anaitwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, mwaka 2004. Wakanipigia makofi. Yale makofi nayasikia mpaka leo.

"Haya katibu, tuoneshe."

Nikafungua folda ya Documents. Tupu. Nikafungua Downloads. Tupu. Nikaangalia upande wa kushoto kutafuta D, hakuna D, hakuna C, hakuna herufi yoyote ile (watu wa Linux najua mnacheka, kule hakuna mambo ya herufi, ila mwenzenu ndo nilikuwa siku ya kwanza). Nikasema "inapakia". Hakuna kitu kilichokuwa kinapakia. Ule mshale wa mausi unazurura kwenye TV kama kuku mgeni, na watu kama arobaini wanaufuata, ukienda kushoto vichwa vyote kushoto, ukirudi kulia vichwa vyote kulia, mtu akatafuna barafu nikaisikia.

"Itafute kwa jina basi," shangazi mmoja akanisaidia. Nikaandika michango. Ikajibu hakuna kilichopatikana.

Shemeji akaja na glasi yake mkononi. "Fungua terminali, andika sudo fdisk -l." Ni amri ya kuorodhesha diski na zilivyogawanywa. Ikaomba paswedi. Kwa wasiojua, kwenye Ubuntu niliyopiga mimi ukiandika paswedi pale hakitokei kitu, hata vile vinukta havitokei, sasa mimi naandika TV imenyamaza, naandika kwa nguvu zaidi, ikagoma, naandika tena, ikagoma tena, na bibi mmoja upande wa bibi harusi anasema "mwanangu hiyo imekufa, mpe mwenzio ajaribu". Mara ya tatu ikakubali, ikamwaga mistari mpaka chini. Kuna mtu akauliza kama hizo ndo namba za michango.

Shemeji akasogelea TV mpaka pua inataka kugusa kioo. Akasoma. Akanywa kidogo. Akasoma tena. Halafu akanigeukia na ile sauti ya daktari akiongea na ndugu wa mgonjwa.

"Shem, D ilikuwa humu humu?"

"Ndiyo."

"Na flashi?"

"Flashi ndo nimechomea Ubuntu."

"Sasa ile nafasi uliyonipigia picha..." Hakumalizia. Na mimi ndo hapo ikaniingia kwamba usiku ule nilikuwa naisifia kaburi langu mwenyewe lilivyo kubwa.

Mzee mwenyekiti akavua miwani. "Katibu. Ndo utu wenyewe huo?"

Wadau, kikapita kimya cha sekunde kama tatu, na mle ndani ya zile sekunde niliona kabisa nyuso zikibadilika moja moja, kama watu waliokuwa wamebeba ndoo kichwani wakatuliwa. Mjomba akakohoa. "Basi iandikwe kwamba mimi nilishamaliza. Laki 3 zote." Mjomba! Mjomba alitoa elfu 50, niliichapa kwa vidole vyangu hivi! Kabla sijafungua mdomo mwingine akadakia, "na mimi nilimaliza mwezi uliopita", mwingine "mimi nilimpa mtu ailete", mwingine ambaye nina uhakika hata ahadi hakuwahi kuweka akasema yeye alizidisha. Ndani ya dakika mbili hakuna mdaiwa, ukoo mzima wasafi, bajeti imetimia na chenji juu. Na mimi, mtanisamehe, sijui ni shetani gani, nikajisikia nasema kwa sauti kabisa:

"Hata mimi nilimaliza."

Mama mdogo akanigeukia polepole. Hakusema kitu. Alinitazama tu kuanzia miguuni akapanda, akafika kichwani, akashuka tena mpaka miguuni, na kule nyuma mshkaji wangu wa sinia la kuku alicheka mpaka kiti cha plastiki kikamkatikia. Hiyo sehemu ya kiti kwenye voisi yake hajaisema, si ndiyo?

Mengine ni mafupi. Mpira ukarudishwa kwenye TV. Jumatatu nikapanda mwendokasi hadi Kariakoo, fundi akaipitisha PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, nikamwachia elfu 60, mafaili yakarudi kibao ila majina yamekufa yote, yamebaki f na manamba, nikakesha nafungua Excel moja moja mpaka nikaipata orodha, ya wiki tatu nyuma. Zilizobaki mama mdogo akazijaza kutoka kwenye meseji za M-Pesa kwenye simu yake ya batani ambayo haijawahi kubadilishwa chochote tangu inunuliwe. Ukatibu sijavuliwa, ila mwenyekiti kanikabidhi kaunta buku na peni imefungwa kamba, kila anayetoa anasaini. Kwenye grupu wananiita Katibu D. Ubuntu bado ninayo, hapa ndo naandikia, na kusema kweli inakimbia vizuri mno. Mchango wangu nimelipa jana, meseji nimeirusha kwenye grupu, nani anipigie makofi.

Mjomba, kama umeletewa hii, shikamoo. Meseji ya M-Pesa tumeiona. Bado laki mbili na nusu.