Picha za harusi kwenye alizeti

Ukitaka kupiga picha za harusi kwenye shamba la alizeti muulize kwanza mwenye shamba, usimsikilize kamera man. Sisi tulimsikiliza kamera man.

Kaka angu alikuwa anaoa Singida, na Singida wakati wa maua ukitoka mjini kidogo tu ni njano mpaka macho yanachoka. Sasa huyu bwana akasema picha zipigwe saa 11 jioni, tukitoka kanisani kabla ya ukumbini, eti jua linakuwa magharibi, na kwa vile alizeti inafuata jua basi maua yote yatakuwa yanaangalia huko huko, maharusi wanasimama mbele, mwanga unawapiga usoni wao na maua yao, kazi imeisha. Kwa mdomo ilinoga balaa.

Tumefika, mkia wa shela tumeubeba watu kibao usiguse tope, kucheki shambani maua yote yametupa kisogo. Yote! Yanaangalia mashariki kama abiria wanaomkwepa konda macho. Kamera man akatuzungusha upande wa pili, haya, maua yakaonekana freshi, ila sasa jua liko nyuma ya maharusi, kwenye picha weusi tii hujui bwana yupi bibi yupi. Si akaanza kuyageuza kwa mkono! Anashika ua, anazungusha, akiachia linarudi, anashika lingine, likakatika shingo, na hapo hapo mwenye shamba akatokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Alizeti yangu unainyonga kwa kosa gani?"

Tukalipa, tukaomba radhi, mzee akapoa akatupa darasa: zinazozunguka na jua ni zile changa, hizi zimeshachanua, zimekaza shingo, zinaangalia mashariki mpaka zivunwe. Akatupeleka kwenye kona aliyochelewa kupanda na kweli bwana, vitumba vyote vimeelekea magharibi, mwanga safi, ila ni kijani kitupu. Shemeji akagoma, akasema yeye hajaolewa ili apigwe picha kwenye mchicha.

Usiku ukumbini watu wanacheza mimi nagugo. Kumbe mchana shina linarefuka zaidi upande wa mashariki, kichwa kinasukumwa magharibi, usiku linarefuka upande wa magharibi, kichwa kinarudi kulisubiri jua litoke. Shina likiacha kukua na mzunguko ndo umeisha. Halafu kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa utafiti 2016, wakaona ua linaloangalia mashariki linapata joto mapema asubuhi, na nyuki wanalijia kuliko lililogeuzwa magharibi, tena mara 5. Hicho kipande cha nyuki nikamsomea kaka, akaniambia nizime simu nikagawe soda.

Maana walishakubaliana warudi asubuhi. Shela likavaliwa upya, shemeji kajipulizia pafyumu ya kutosha kijiji, jua linatoka, maua yote yametuangalia usoni, mazuri mpaka raha, na nyuki nao wamewahi. Picha za kwanza kila mtu anatabasamu. Zilizofuata mpambe haonekani, kaka yuko na miguu tu, shemeji kajifunika shela lote anapiga kelele kwa kilugha chao. Kamera man akadungwa kwenye kope, jicho likavimba likafunga kabisa, tukamwambia tuache twende hospitali, akasema aah, si ndo hili ninalofumbaga nikipiga, simameni vizuri.