Gusa Ukuta Kwanza, Msifu Samaki Baadaye

Kuna picha inayozunguka kwenye simu za watu wa Kisumu. Ukuta wa ua, kwenye barabara ya kushukia ziwani. Samaki mkubwa wa samawati aliyechorwa hapo hajamaliza hata mwaka, na tayari nusu ya tumbo lake iko mtaroni. Aliyeituma ameandika, "Hawa ndio wachoraji wetu. Pesa za bure." Maoni chini yake ni kibao, karibu yote ya kumcheka kijana aliyeshika brashi: rangi feki, kazi ya kulipua, si wangeita mtu wa Nairobi.

Hakuna hata mmoja aliyeinama akaokota kipande cha rangi iliyobanduka, akakigeuza.

Kigeuze basi. Mbele ni samawati safi, ina nguvu, inakunjika bila kuvunjika. Hiyo ni rangi nzuri, na aliyeipaka aliijua kazi yake. Nyuma ni kweupe, na ukipitisha kidole kinatoka na unga. Huo unga ni chokaa. Rangi ilishika chokaa barabara kabisa. Chokaa ndiyo iliyouachia ukuta, ikaondoka na mgeni wake.

Sisi na chokaa tuna mapenzi ya ajabu. Waziri anakuja, chokaa. Krismasi inakaribia, chokaa. Mawe ya kando ya barabara, miti hadi kiunoni, kuta za shule na za masoko: chokaa juu ya chokaa, miaka nenda miaka rudi. Ni rahisi, inang'aa, na haiwezi kubeba kitu. Halafu mfadhili mmoja anaamua ukuta ule ule upendezeshwe. Anampigia mchoraji simu Jumatatu, na uzinduzi ni Ijumaa ya wiki inayofuata, kamera zimeshaalikwa. Siku ya pili anapita kukagua:

"Kijana, bado hakuna kitu ukutani?"

"Mheshimiwa, tunasugua."

"Mnasugua nini? Mimi nimelipia samaki."

Hapo ndipo samaki anapofia. Mvua inayokuja miezi sita baadaye inamzika tu.

Kuujua ukuta hakuhitaji maabara. Pitisha kiganja: kikitoka cheupe, hapachorwi bado. Bandika selotepu urefu wa kidole, ikandamize kwa ukucha, ing'oe ghafla. Ikija na rangi ya zamani, chochote utakachopaka juu yake kitakuja vilevile. Rushia maji: yakinyweka papo hapo, plasta ina kiu na itainyonya rangi kabla haijashikana, yakiteleza kama kwenye jani la nduma, chini kuna rangi ya mafuta na inadai msasa. Jaribio la mwisho ndilo linalorukwa na kila mtu. Kata nailoni inayoonyesha, nusu mita kwa nusu mita, izibe kwa tepu pande zote nne, uiache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta wenyewe unatoa maji, na kuupaka rangi siku hiyo ni kumvika mgonjwa suti.

Sasa dawa. Chokaa yote itoke, si ile inayolegea peke yake. Kikwaruzo, brashi ya waya, kisha maji mengi na brashi ngumu, kisha siku mbili tatu za jua kabla ya kurudia kile kiganja. Ukuta wa mita 6 kwa 4, watu wawili, hesabu siku mbili za vumbi puani, na hakuna atakayewapiga picha. Kama plasta ni mpya, iache siku 28. Saruji mbichi ina alkali kali, na alkali ikikutana na mafuta ya rangi huyageuza sabuni. Sisemi kwa mfano, ni sabuni kweli: glosi, ile rangi ya mafuta inayong'aa, inalainika, inanata, inavimba. Kama huwezi kungoja siku zote hizo, basi angalau weka praima, yaani rangi ya kutangulia, ya kustahimili alkali na rangi ya maji juu yake, na usimruhusu mtu akuletee rangi ya mafuta kwa sababu "inang'aa kwenye picha".

Ukuta huo wa mita 6 kwa 4 una mita 24 za mraba. Lita moja ya praima hufika mita 10 hivi kwenye plasta laini, pungufu kwenye plasta ya mchanga mkavu. Kwa hiyo lita 2.4 kwa hesabu ya karatasi, kopo la lita 4 kwa hesabu ya ukweli. Rangi ya msingi ya nje, tabaka mbili, inafika lita 5: makopo mawili ya lita 4, na kitakachobaki kifunge vizuri ukiweke, utakihitaji kwa marekebisho. Hapo hujachora hata jicho. Bajeti yoyote inayoanzia kwenye makopo ya spreya imeshakosea, na mchoraji akiikubali amekosea naye. Nitarudi kwake.

Nyufa ni suala la Kisumu hasa. Mtaa wa Nyalenda, na ukielekea uwanda wa Kano, udongo ni ule mweusi unaovimba mvua zikija na kujipasua kiangazi, na kuta zinacheza nao. Ufa mwembamba kama unywele upanue kwa ncha ya kikwaruzo upate umbo la V, toa vumbi, ujaze kwa fila ya nje inayonyumbulika. Ufa unaomeza sarafu si wa mchoraji. Huo ni wa fundi mwashi, na kuuficha kwa mkia wa samaki ni kumdanganya mwenye nyumba.

Halafu kuna ile nusu mita ya chini. Hapo tone la mvua linagonga ardhi na kurusha tope, na hapo maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali, yakibeba chumvi inayochanua nje kama ukoga mweupe. Desturi yetu ni kuipaka glosi ya kahawia ili tope lisionekane. Kwa tope, sawa. Kwa maji yanayotoka ndani, glosi ni mfuniko: yanasukuma, inavimba malengelenge, inapasuka, na inaanza kuvuta picha iliyo juu yake. Rangi ya maji inapumua kidogo. Itachafuka, ndiyo, lakini itaoshwa. Mchoraji mwerevu haweki uso wa mtu hapo. Anaweka majani, mawimbi, mafunjo, kitu ambacho fundi yeyote anaweza kukirudishia bila kumwita.

Na majira. Mwezi wa Aprili mvua za hapa hazina mchezo, na hata nje ya masika wingu la jioni linaweza kutoka bila salamu. Mwaka 2022 mkutano wa miji ya Afrika, Africities, uliletwa Kisumu mwezi Mei. Heshima kubwa kwa jiji. Ila ukuta wowote uliopakwa wiki za mwisho za maandalizi ulipakwa katikati ya masika, na kalenda ya mkutano haijawahi kukausha plasta. Anayetaka picha idumu achore Januari au Februari. Tabaka la rangi ya maji linataka muda wa saa nne hivi bila mvua. Likinyeshewa mapema zaidi hutoa michirizi ya kahawia inayoteleza kama ute wa mlenda. Ikitokea hiyo, tulia, ioshe kwa maji safi. Wengi hupaka juu yake na ndipo huharibu.

Upepo nao una ratiba. Asubuhi kumetulia, jua likishapanda, ziwa linaanza kupuliza kuelekea mjini, na ukishika spreya saa nane mchana nusu ya kopo inaenda kwa jirani. Mistari myembamba ichorwe kabla ya saa nne asubuhi. Ukuta unaotazama magharibi uushughulikie asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu alasiri unaungua, rangi inakauka kabla haijajitandaza na alama za brashi zinabaki. Kopo la mililita 400 hufunika mita moja na nusu, mbili ukibana. Anayetaka ukuta wote wa mita 24 kwa spreya ahesabu makopo 30 na zaidi kwa tabaka mbili. Ndiyo maana wenye akili hujaza kwa rola na kuacha spreya kwa kivuli na ukingo. Spreya za magari kutoka hadiwea zinafanya kazi, lakini zina presha nyingi, zinachuruzika ukisogea karibu, na mvuke wake hauzuiwi na barakoa ya kitambaa. Inatakiwa ya chujio la kaboni.

Kuhusu kupauka: nyekundu na njano za bei rahisi ndizo za kwanza kuondoka. Udongo mwekundu, kahawia, nyeusi, na ile samawati nzito ya kisasa hukaa. Ukiona mwanasiasa ukutani amebaki na midomo ya waridi, usitafute maana.

Haya, nikubali mambo mawili, kwa shingo upande. La kwanza: matangazo ya kampuni za simu, yale yanayomeza duka zima kuanzia msingi hadi paa, yanaonekana mapya kuliko sanaa yetu. Yanaudhi macho, lakini yanarudiwa. Kuna mtu analipwa kurudi. Picha za jiji hulipiwa mara moja, siku ya mkasi na utepe. La pili: wachoraji wengine wanajua chokaa ipo na wanapaka hivyo hivyo, kwa sababu wakikataa kazi ataitwa mwingine. Naelewa. Lakini andika basi kwenye makubaliano, mstari mmoja tu, kwamba ukuta haujasuguliwa kwa amri ya mwenye pesa. Siku picha ikibanduka, mstari huo ndio utakaokutetea wakati simu zote zinakucheka.

Ruhusa ya mwenye ukuta iwe kwa maandishi pia. Hilo halina mjadala.

Na nani amesema sanaa ya mtaa ni ile ya mita sita tu? Nenda soko la Kibuye utazame maandishi ya vibanda. Fundi wa mabango ameegemeza mkono kwenye kifimbo ili usitetemeke, brashi ndefu ya nywele laini, glosi iliyolegezwa kidogo tu. Herufi S anaipiga kwa mikupuo mitatu: tumbo la katikati kwanza, kisha kichwa, kisha mkia, na kila kivuli kinaangukia upande mmoja kuanzia "KINYOZI" hadi namba ya simu. Angalia pia kama mabati ni mapya. Mabati mapya na rangi ya mafuta hawapatani, ile zinki huifanyia rangi kilekile alkali ya saruji inachofanya, na bila praima ya mabati maandishi huanguka kwa vipande vizima. Fundi mzoefu hukuambia mapema: yaache yapigwe jua na mvua kwanza, au lipia praima. Hana uzinduzi, huyu. Ana mteja atakayepita hapo kesho.

Grafiti yenyewe, ile ya majina na mitindo inayopigwa usiku, siihukumu kwa kipimo hiki. Anayeandika jina lake chini ya daraja anajua litafunikwa, na kufunikwa ni sehemu ya mchezo. Matatu nazo zilipigwa marufuku ya michoro mwaka 2004, zikavishwa mstari wa manjano, na michoro ikarudi ikiwa na taa juu. Sanaa ya aina hiyo haihitaji msasa, inahitaji ukaidi. Ila kitu kilichozinduliwa kwa hotuba na kikaitwa cha kudumu kipimwe kama cha kudumu.

Lingine dogo, kwa sababu haliniachi. Mkichora mbuta, yaani sangara, chora mbuta. Pezi lake la mgongoni lina pengo refu katikati, karibu ligawanyike mawili, na mkia wake ni wa mviringo. Ngege, yaani tilapia, ana pezi moja lililoungana. Kuna mnyama mjini humu mwenye mwili wa mbuta na pezi la ngege, na watoto wa wavuvi wanapita hapo kila asubuhi wakienda shule.

Turudi kwenye ule ukuta uliotuleta. Samaki amebakiwa na kichwa na kipande cha mgongo. Kunakobaki ni weupe unaopukutika ukiuegemea, na shati linatoka na alama. Pembeni, usawa wa macho, kuna kibao cha jina la mfadhili. Hicho kilitobolewa matundu manne kwa drili, kikawekewa plagi, kikakazwa kwa skrubu hadi kwenye tofali. Hakijatikisika.