Shilingi Moja, Chumi Mbili: Mundell na Hoja ya Sarafu ya Zanzibar

Wapo wanaodai Zanzibar iache shilingi ya Tanzania na iwe na sarafu yake. Mwaka 1961 Robert Mundell, mchumi mzaliwa wa Kanada aliyetunukiwa Nobel mwaka 1999, aliuliza swali linaloihusu Zanzibar moja kwa moja: ni maeneo gani yatumie sarafu moja? Hakuitazama mipaka ya kisiasa. Alisema sarafu moja hufaa pale misukosuko inapoyapiga maeneo yote kwa pamoja, au watu wanapoweza kuhama kwenda palipo na kazi. Vikikosekana vyote viwili, na sarafu haiwezi kushuka thamani, kinachoshuka ni ajira.

Kwa kipimo hicho, wanaodai sarafu ya Zanzibar wana hoja nzito. Visiwa vinategemea utalii na karafuu. Bara kuna dhahabu, viwanda na mashamba ya kila aina. Mwaka 2020 watalii walikatika na hoteli za Nungwi na Paje zikafungwa, huku bei ya dhahabu ikipanda duniani. Shilingi ikabaki karibu 2,300 kwa dola. Riba nayo ni moja: tangu Januari 2024 Benki Kuu hutangaza riba yake, na riba ya mikopo ya siku saba baina ya mabenki hutakiwa isipishane nayo kwa zaidi ya pointi mbili za asilimia, juu au chini. Haiwezekani kuweka riba ya Micheweni na nyingine ya Geita.

Lakini hoja hii lazima ifuatwe mpaka dukani. Tuseme mwaka ule sarafu ya Zanzibar ingekuwapo na ikapoteza robo ya thamani yake. Dola iliyonunuliwa kwa 100 ingenunuliwa kwa 133. Mchele wa nje, unga wa ngano, sukari na mafuta vingepanda kuanzia shehena inayofuata. Mtalii asingevutwa, kwa kuwa ndege zenyewe hazikuwapo, na hata katika mwaka wa kawaida bei za hoteli hupangwa kwa kuangalia dola. Karafuu nazo huuzwa nje kwa dola, lakini mkulima wa Wete hulipwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, bei iliyopangwa. Nafuu ingemfika pale tu bei hiyo ingepandishwa.

Mchumi Ronald McKinnon alilieleza hili mwaka 1963: uchumi mdogo unaoagiza vitu vingi haufaidiki sana na kushusha sarafu, kwani bei za ndani huifuata dola. Mwenzake Peter Kenen, mwaka 1969, aliona kwamba wenye bidhaa chache za kuuza ndio hasa wanaohitaji kiwango chao cha ubadilishaji. Zanzibar ina sifa zote mbili. Kwa maoni yangu McKinnon ana uzito zaidi hapa, kwa sababu chakula kinachoagizwa ndicho kinachojaza sufuria ya mnyonge.

Wanaokumbusha kwamba tulikuwa na rupia yetu wanasema kweli, ila rupia ile ilifungamana na ya India. Mwaka 1936 ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoweka dhamana yake kwa pauni London. Noti zilikuwa zetu; sera ya fedha haikuwa yetu. Leo sarafu mpya ingehitaji akiba ya dola inayotosha kuagiza bidhaa kwa miezi kadhaa, na fununu tu ya kubadilishwa kwa amana kuwa sarafu hiyo ingewafanya wenye akaunti wahamishie fedha bara au wanunue dola kabla ya siku yenyewe.

Kenen alikuwa na jibu la pili ambalo mjadala wetu huliruka: sarafu moja iambatane na bajeti inayohamisha fedha kwenda kunakodorora. Hapo ndipo Zanzibar inapoumia kweli. Dai la hisa ya asilimia 11.02 kutoka mali za Bodi ile, na mgao wa Zanzibar wa asilimia 4.5 ya misaada ya nje na faida ya Benki Kuu, uliotajwa kuwa wa muda tangu miaka ya 1990, vyote ni viwango vilivyoganda. Havipandi watalii wanapokatika wala karafuu zinapokosa kuzaa. Meza ya Muungano ijadili kanuni inayolipa yenyewe: mapato ya Zanzibar yakishuka chini ya wastani wa miaka mitatu, sehemu ya pengo ijazwe ndani ya robo mwaka inayofuata, bila kusubiri vikao.