Mama alitaka reli ya zamani, mtoto alitaka mchongoko

Tangu tarehe 14 Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, familia ya Dar inaweza kutoka asubuhi, ikala chakula cha mchana chini ya Uluguru, na jioni ikarudi kulala kwake. Mwendo ni kama saa mbili, pengine chini yake. Kwa basi, foleni ya Kibaha pekee ilitosha kuwachosha watoto kabla safari haijakolea.

Tulikwenda watano: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama yangu. Kijana wangu wa miaka kumi na moja alikuwa akililia mchongoko, ile treni yenye pua ndefu, aipige picha kwa simu ya mama yake. Bibi yake hakuwa na habari na mchongoko. Yeye kazaliwa Ngerengere, na baba yake alikuwa kwenye kikosi cha kutengeneza njia, mtu wa kubeba mataruma na kushindilia kokoto. Alichoomba ni kiti cha dirishani, aione reli ya zamani.

Mvutano wa wale wawili ndio umenifanya niandike. Reli yetu inabadilika mbele ya macho yetu, na karibu kila abiria ana kamera mfukoni. Tupige picha nini, na turuhusiwe hadi wapi?

Wanaokataza wana hoja, tena nzito. Nyaya zilizo juu ya reli mpya zina umeme wa kilovolti 25. Treni inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa na haina mngurumo wa dizeli wa kukushtua mapema. Aliyepiga magoti katikati ya reli akitafuta picha nzuri anacheza na roho yake. Shaba inawindwa na wezi, kwa hiyo mlinzi akimwona mtu anapiga picha mitambo, lazima ajiulize. Tena kuna abiria wenzako. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwapo, mama anayenyonyesha kiti cha pili hakukata tiketi ili aonekane kwenye simu yako.

Tulipokuwa tunapiga picha, mlinzi mmoja alinijia taratibu. "Kaka, hizo picha ni za nini?" Nikamwonyesha: watoto, bibi yao, ubavu wa behewa. "Hizo sawa. Mitambo tu ndiyo uiache. Safari njema, mama." Hata dakika mbili hazikuisha.

Nakubaliana naye kabisa. Ninachopinga ni yale mazoea ya kuiogopa kamera yenyewe. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba stesheni, daraja na bandari havipigwi picha, basi. Bango moja linaloeleza panaporuhusiwa na pasiporuhusiwa lingemsaidia mlinzi kuliko linavyomsaidia abiria.

Maana kutopiga picha nako kuna hasara yake. Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati kutoka Dar mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Picha nyingi tunazozijua za koloni lile alizipiga Walther Dobbertin, Mjerumani aliyeishi huku, na zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani. Katika picha za enzi hizo Mwafrika aliyebeba mzigo mara nyingi amesimama tu pembeni, hana jina. Na mama yangu, binti wa mtu wa reli, hana hata picha moja ya baba yake akiwa kazini. Kamera zilikuwa chache, ni kweli, lakini woga nao ulichangia.

Kuhusu kipi kipigwe, mwanzoni nilikuwa upande wa mama. Treni ya zamani ilikuwa inasimama, na kila iliposimama kuna watu walikula: mwenye ungo wa ndizi, mwenye mahindi ya kuchemsha, mtoto anayekimbia kando ya dirisha akidai chenji yake isipitilize na treni. Kwenye reli mpya madirisha hayafunguki na njia ina uzio. Usalama umeongezeka, biashara ile imekosa mahali pake, na mimi naona ndiyo ya kuwahi kupigwa picha, kwa idhini ya wenyewe, kabla ya kichwa chochote cha treni.

Lakini mwaka 2012 treni ya mjini ya kwenda Ubungo ilipoanza, ile tuliyoiita ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, niliipanda kwenda kazini miezi mingi. Nimepekua simu na albamu zote. Sina picha yake hata moja, kwa sababu ilikuwa mpya na ya kila siku, nikaona ipo tu. Kwa hiyo kijana wangu hajakosea. Mchongoko nao utazeeka.

Treni tuliyopanda haikusimama Ngerengere. Mama aliliona jina la stesheni likipita, akagonga kioo kwa kidole. "Ile pale, ile pale." Reli ya zamani ilikuwa chini ya tuta, nyembamba, upana wa milimita 1,000 mbele ya 1,435 za ile tuliyokuwa juu yake. Ubavuni ina kutu. "Angalia juu inavyong'aa," akasema. "Bado inapitiwa." Mjukuu wake aliibandika simu kwenye kioo, akaikinga kwa kiganja ili mwanga wa ndani usirudi, akabonyeza.

Nusu ya picha ni ukungu wa nyasi zinazokimbia. Nusu ya pili ina mstari mwembamba mweupe, ndiyo reli. Mama amesema ikasafishwe, iwekwe sebuleni, na nyuma yake liandikwe jina la baba yake.