Disney Nalipa Nikishaiona Sahani

Likizo za shule zikikaribia, Waswahili tulioko Marekani tunaanza kuulizana swali lile lile: tukienda Walt Disney World kule Florida, chakula tukilipie kabisa kabla ya safari, au tule huku tunalipa? Mimi ni wa kula huku nalipa. Najua wengi hawakubaliani nami, hasa wale wanaosema likizo haina raha kama kila saa unatoa kadi mfukoni.

Huo mpango wa Disney wa kulipia chakula mapema, Disney Dining Plan, ulisimamishwa 2020 wakati wa korona, ukarudi Januari 2024. Wanauziwa wanaolala hoteli za Disney tu, na unahesabiwa kwa usiku. Kuna mdogo: milo miwili ya kaunta na kitafunwa kimoja. Kuna mkubwa: mlo mmoja wa kaunta, mmoja wa kukaa mezani na kuhudumiwa, na kitafunwa. Yote miwili inakuja na kikombe cha kujazia soda, chai au kahawa pale hotelini. Uliporudi, mkubwa ulikuwa dola 94.28 kwa mtu mzima na 29.69 kwa mtoto wa miaka 3 hadi 9. Mdogo ulikuwa 57.01 na 23.83. Tangu hapo bei imeendelea kupanda. Bakshishi haimo, na mhudumu wa mezani Marekani anaisubiri.

Linaloniudhi ni sharti moja: mliomo kwenye bukingi moja, kuanzia mtoto wa miaka 3, lazima nyote muuchukue, tena mpango ule ule, kwa siku zote za kulala. Na kwa hesabu yao mtoto wa miaka 10 ni mtu mzima. Sasa chukua familia zetu zilivyo. Baba, mama, binti wa miaka 11 aliyeanza kuona aibu kula mbele za watu, na bibi aliyetoka Tanga kuwaona wajukuu. Bibi akipata chai na kipande cha mkate asubuhi, ametosheka mpaka alasiri. Ukimnunulia baga atainusa, atauliza nyama ya nini, kisha atampa mjukuu ile nyama na mkate ataufunga kwenye tishu autie mkobani. Huyo naye kwa bei ile ya 2024 ni dola 94.28 kila usiku! Wanne hao kwa usiku tano ni dola 1,885.60, na bado hujagusa tiketi za kuingilia.

Kwa tunaokula halali hesabu inazidi kuuma. Bufee bei yake imebeba nyama zote zilizopangwa pale, wewe unaishia kwenye samaki, wali na matunda. Migahawa ya mezani unaweza kuiambia mapema ukiweka nafasi, lakini foleni ya kaunta saa saba mchana, jua la Florida utosini na mtoto analia, si mahali pa kumhoji mtu kuku amechinjwaje.

Halafu kuna kazi yake. Nafasi za mezani zinafunguliwa siku 60 kabla, na meza zinazopendwa huisha haraka, kwa hiyo unatakiwa ujue leo mtakuwa na njaa saa ngapi baada ya miezi miwili. Usipotumia kuponi zako, yaani milo na vitafunwa ulivyokwisha kulipia, usiku wa manane wa siku ya kuondoka zinakufa. Ndipo watu hula kwa kulipiza: mtoto ameshasinzia begani, baba anamwamsha akale keki kwa sababu imeshalipiwa.

Nikiri upande wa pili. Ukiwa na watoto wadogo wanaotaka kila siku kula pamoja na Mickey au Donald, mpango mkubwa unaweza kukulipa. Bufee ya mgahawa wa Tusker House, katika bustani ya Animal Kingdom, ndani ya kile kijiji cha kuigiza cha Harambe walichokijenga kifanane na miji ya pwani yetu, chakula cha jioni kinapita dola 50 kwa mtu mzima, na kwenye mpango ni kuponi moja tu ya mezani. Bufee ya Boma, pale hoteli ya Disney ya Animal Kingdom Lodge, hivyo hivyo. Ila mgahawa wa Jiko, hatua chache kutoka Boma, unakula kuponi mbili, na meza ya kwenye kasri la Cinderella pia mbili. Na kwa 2026 Disney wametangaza vifurushi ambavyo watoto wa miaka 3 hadi 9 wanapewa mpango bure wakubwa wakiununua. Wenye watatu wa umri huo wapige hesabu upya, siwazuii.

Sisi wengine, mlangoni mwa bustani za Disney wanaruhusu chakula cha nyumbani mradi hakuna chombo cha kioo wala pombe. Chapati zilizokunjwa na mayai ya kuchemsha zinapita bila swali. Maji baridi yenye barafu unaomba kaunta bure, kwa hiyo anayetoa kuponi ya kitafunwa achukue chupa ya maji amejipunja mwenyewe. Mlo wa mezani chagueni mmoja kwa safari nzima, muupeleke Boma jioni ambayo bibi hajachoka.

Na kama wenzio wameng'ang'ania mpango, basi chumba cha bibi kibukiwe peke yake. Sharti linaifuata bukingi, haliufuati ukoo.