Agnes Nixon na Sanaa ya Kuvuta Hadithi

Wanaodharau tamthilia za kila siku hulalamika kwamba hadithi inavutwa mno: mtu anaugua Jumatatu, Ijumaa bado hajafika hospitali. Mimi naona humo kwenye kuvuta ndimo ilimo kazi ya mtunzi. Aliyenishawishi ni Agnes Nixon, mtunzi wa tamthilia za televisheni wa Marekani.

Alizaliwa Chicago mwaka 1922. Baba yake alikuwa na biashara ya kutengeneza nguo za kuzikia maiti, na alitaka binti aingie humo. Akamtafutia miadi kwa Irna Phillips, mwasisi wa michezo hii tangu enzi za redio, akitumaini mama huyo atamkatisha tamaa. Irna alisoma alichoandika binti, akamwajiri. Natamani ningeuona uso wa mzee siku hiyo.

Mwaka 1968 Nixon alianzisha tamthilia ya One Life to Live katika kituo cha televisheni cha ABC. Humo alimweka Carla, ambaye watazamaji walimchukulia kuwa mzungu. Alikuwa amechumbiwa na daktari mzungu, kisha moyo ukamwelekea daktari mweusi. Walipobusiana, baadhi ya watazamaji wakaja juu. Baadaye ndipo wakajua kwamba Carla mwenyewe ni mweusi. Filamu ya saa mbili haiwezi kukutega namna ile. Mtego unataka umzoee mtu kwa miezi, umhurumie, umtakie ndoa njema, ndipo ushikwe na ubaguzi wako mwenyewe.

Kabla ya hapo, mwaka 1962, alikuwa akiandika Guiding Light, iliyodhaminiwa na kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble. Rafiki yake alikuwa amefariki kwa saratani, naye akataka mhusika Bert Bauer apimwe saratani ya mlango wa kizazi. Akakubaliwa, ila neno “saratani” lisitamkwe, wala “mfuko wa uzazi”. Akaandika hivyo hivyo, kwa kuzungukazunguka. Kwetu, Twende na Wakati ya Radio Tanzania ilipoanza mwaka 1993, uzazi wa mpango na UKIMWI ndivyo vilivyouzaa mchezo wenyewe. Nixon ilimbidi apenyeze.

Na kazi haina likizo: siku tano kwa wiki, mwaka mzima. Mtunzi mkuu hupanga hadithi ya miezi ijayo, wenzake huigawa siku kwa siku, wengine huandika mazungumzo. All My Children, aliyoianzisha mwaka 1970, ilikuwa ya nusu saa. Mwaka 1977 ikawa saa nzima.

Kinachoniudhi ni suala la umiliki, maana tamthilia hiyo aliiuza kwa ABC. Mwaka 1973, miezi michache baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuhalalisha utoaji mimba, mhusika wake Erica Kane alitoa mimba, tena si kwa sababu ya ugonjwa. Alitaka kuendelea na uanamitindo. Ulikuwa uandishi wa kijasiri, hata kwa anayempinga Erica. Zaidi ya miaka 30 baadaye, watunzi wengine wakaandika kwamba mimba ile haikufa, daktari aliihamishia kwa mkewe, na mtoto sasa ni mwanaume mzima. Uamuzi wa Erica ukafutwa kwa kisa cha kipuuzi.

Riwaya ikishachapishwa, hakuna wa kuingia ndani yake na kubadilisha sura ya tatu. Nixon alifanyiwa hivyo akiwa hai, na jina lake likiendelea kuonyeshwa kama mwanzilishi.